Dada na nywila iliyokuwa ikikataa

Nyumba ya kona, ghorofa ya pili
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Hali yako huko uliko? Mgongo umetulia, au bado unakukumbusha umri? Shemeji na pacha hawajambo? Sisi huku tunaendelea vizuri. Mimi nina mafua tu, nayo yanaelekea kuisha. Sebule imepakwa rangi upya, rangi ambayo fundi anaiita maziwa na mimi naiita tope.

Uliniuliza mbona siku hizi Dada hapokei simu zako. Wakati ule hata mimi sikujua. Sasa najua, hebu kaa nikueleze.

Unaifahamu kazi yake pale benki ya damu ya hospitali. Yeye ndiye anayetunza kanzidata: kila mfuko wa damu, ni wa kundi gani, uko friji gani, unaharibika lini. Wenzake wanamwita Kamusi, maana kitu kikishaingia kichwani mwake hakitoki.

Basi, tangu programu anayoingilia kwenye kanzidata iwekwe toleo jipya, mambo yakaenda mrama. Asubuhi anaingia bila shida. Mchana anaandika nywila yake, anakataliwa. Anaandika tena polepole, herufi moja moja, anaambiwa akaunti imefungwa. Anampigia fundi wa seva, anafunguliwa, anawekewa nywila mpya, kesho yake ni yale yale. Fundi huyo si mtu mbaya, ila ana mdomo. Siku moja akasema mbele ya watu, “Kamusi imeanza kudondosha kurasa.” Watu wakacheka. Dada naye akacheka.

Moyoni hakucheka. Mimi naye ndio tuliomuuguza Mama miaka ile ya mwisho, alipoanza kusahau jiko linawaka, mpaka akawa ananiuliza mimi ni mtoto wa nani. Dada aliamini zamu yake imefika. Alikuwa anapika huku akitaja namba za simu za ukoo mzima, na akikosea moja tu anazima jiko na kukaa chini. Simu zako aliziacha ziite kwa kuogopa ungeisikia hofu kwenye sauti yake.

Nilipomtembelea juzijuzi nilimkuta ameshaanza kuleta vitu vyake vya ofisini nyumbani. Mkuu wake, kwa nia njema kabisa, alikuwa amemshauri apumzike kidogo.

“Siku mgonjwa akikosa damu kwa sababu yangu, nitaishi vipi?” akaniambia. “Bora niondoke nikiwa bado najua ninakokwenda.”

Nami unajua nashinda na kanzidata kule idara ya maji. Nikamuuliza kama kila alipopewa nywila mpya aliifuta ile ya zamani iliyohifadhiwa ndani ya programu.

“Niliifuta,” akasema. “Au labda sikuifuta. Siwezi kujiapia tena, mdogo wangu.”

Hapo ndipo moyo uliponiuma, Kaka. Dada yetu, asiyeweza kujiapia!

Tulikwenda wote ofisini kwake. Nikamwomba fundi afungue akaunti, kisha atuonyeshe kwenye skrini yake kila anayebisha hodi kwenye seva. Akakubali bila kinyongo. Dada akaifuta nywila iliyohifadhiwa, sote tukitazama, kisanduku kikabaki kitupu. Akaondoa mikono kwenye kibodi, akaiweka mapajani. Tukasubiri. Mara mistari ikaanza kuingia: imekataliwa, imekataliwa, imekataliwa. Jina ni la Dada, kompyuta ni ya Dada, na hakuna aliyegusa kitu.

Kumbe lile toleo jipya lilikuwa limebaki na nakala ya nywila ya zamani mahali pengine. Kila programu ilipojiunganisha upya yenyewe, ilipeleka ile ya zamani kimyakimya, na seva ikichoka kukataa inafunga akaunti. Hapo hata ukiandika nywila sahihi unagonga ukuta. Tukaifunga programu, tukafuta faili lenye nakala hiyo, tukaunda muunganisho upya na kuikataza isihifadhi chochote. Mpaka jioni haikuleta ukorofi wowote.

Fundi akasimama mbele ya wale wale waliocheka. “Dada, nilikukosea. Nisamehe.”

Dada akamwambia yamekwisha, akatoka. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi analia kwa kwikwi.

“Nimejililia msiba nikiwa mzima,” akasema. “Nimegawa mpaka vikombe vyangu vya ofisini!”

Tukacheka mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

Hata hivyo, daktari bado atamwona. Nimemsihi, naye amekubali, maana hofu aliyotuachia Mama haifutiki kwa kubonyeza kitufe. Lakini kazini amerudi, na leo asubuhi amenigombeza kwa kutomrudishia sufuria yake.

Mpigie, Kaka. Usimuulize habari za kichwa. Muulize habari za kazi, kisha umwachie uwanja.

Baba Mdogo anakusalimu sana, miwani uliyomtumia imemkaa vizuri. Nisalimie Shemeji, na pacha uwabusu kwa niaba yangu. Mungu akutunze huko ugenini, akupe afya na watu wa kukuamini hata siku ambayo wewe mwenyewe hujiamini.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukichelewa kujibu,

Kitindamimba