Mtutu wa Baba Mkwe

Jumanne jioni, Ibighi, Tukuyu



Miaka tisa ya ndoa sijawahi kumsemesha baba mkwe wala kumtazama usoni. Ndiyo heshima yetu Wanyakyusa. Leo katoka kijijini kwake Masoko na mtutu wa gobole lake, mume wangu, fundi wa kupaka vyuma kwa umeme, aupake kromu kwa ndani usiliwe tena na kutu. Siku hizi dawa za kromu zinauzwa hadi hapa Tukuyu, basi kila mtu anataka chake king'ae.

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nimejifunika kanga. Waya wa kupitishia umeme ukakwama ndani ya mtutu. Mume wangu, fundi mzima, akasema ni kutu tu, akawasha moto ailegeze. Mzee akainama kuchungulia.

Nikakumbuka! Juzi mama mkwe alinisimulia kuwa mzee alishindilia baruti apige ngedere, gobole likagoma kulipuka, baruti ikabaki humo.

"Tata, baba, toa kichwa!" nikapiga kelele.

Mlipuko ulitoboa bati la paa.

Na mume wangu, badala ya kunishukuru: "Umemsemesha baba?"

Mzee alikung'uta masizi kwenye kofia, akamgeukia mwanawe. "Mwambie mkeo sikusikia kitu."

Lakini kichwa alikitoa.