Wifi Ananichoma Ndevu, Nami Nasema Haiumi

Shangazi mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, na unisamehe maneno yangu yakipandana, maana kichwa changu kwa sasa ni kapu la vitambaa vilivyobaki.

Mimi ni mshonaji wa nguo za kike, kazi yangu ni kumpima mtu kifua na mabega nikiwa nimemsogelea uso kwa uso, na tangu nijifungue mtoto wa pili nimeota ndevu, Shangazi, si vinyweleo, ndevu, ngumu, chini ya kidevu, kiasi kwamba mteja nikimwambia ainue mikono na macho nayo anayainua, na yakishafika kidevuni hayashuki. Nimenyoa, nimeng'oa, zinarudi zimebeba na vipele. Mume wangu anasema hajawahi kuziona, sijui ananipenda au anahitaji miwani.

Sasa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ana saluni na amenunua mashine ya leza ya kuondoa nywele, akaniita nikatengenezwe bure kwa kuwa ni mtu wa nyumbani, nami nikaona aibu azione zote zilivyo, nikazing'oa kwanza kwa kibano, nikabakiza chache za heshima. Nikalala kitandani, ile mashine iliponigusa tu nikahisi kama mafuta ya moto yameniruka, wifi akauliza, "Vipi, inauma?" nikajibu, "Haiumi, wifi, endelea," akasema basi una ngozi ngumu wewe, akaongeza nguvu, akauliza tena, nikasema haiumi. Machozi yalikuwa yananitiririka chini ya ile miwani ya kukinga macho, nikamshukuru Mungu kwamba ni nyeusi.

Usinicheke. Nilipojifungua mtoto wa kwanza ni wifi huyu aliyenisindikiza, sikupiga hata ukelele mmoja, naye akautangazia ukoo mzima kwamba kaka yake ameoa mwanamke kwelikweli, na mpaka leo mama mkwe akinitambulisha kwa wageni huanza na hilo. Mwanamke wa sifa hiyo ataliaje kwa sababu ya ndevu?

Kesho yake nikaamka na malengelenge, yakapasuka, sasa nina madoa kidevu kizima, meusi kuliko mimi, na mimi ni mweusi haswa. Wifi anasema huo ni uchafu unatoka, awamu ya pili utaisha, na amenipa kopo la krimu ya ganzi nijipake nene nikiwa nyumbani, nifunike kwa nailoni, ili Jumamosi aweke nguvu ya mwisho. Jirani yangu muuguzi anasema nimeungua na nisirudi. Mume wangu anasema nisimvunje moyo dada yake. Kwenye simu kuna mmoja anasema maumivu ndiyo dalili kwamba inafanya kazi, mwingine anasema weusi tusiisogelee leza kabisa. Nimwamini nani? Na kinachonichanganya zaidi, nina haki gani ya kulalamika, ikiwa aliniuliza kwa mdomo wake na mimi nikajibu haiumi?

Ni mimi, Mshonaji Mwenye Ndevu

*

Mshonaji, pole sana. Pole imeisha, sasa kaa vizuri nikugombeze.

Jumamosi huendi. Ngozi iliyoungua haichomwi tena kabla haijapona, na katika hadithi yako nzima mwenye akili ni huyo jirani muuguzi.

Barua yako ilinichanganya hata mimi, nikampigia daktari wa ngozi. Ananiambia leza hutafuta weusi. Inatakiwa iushike weusi wa unywele, iteremke nao hadi kwenye shina, iliunguze huko. Sisi wenye ngozi nyeusi tuna weusi huo juu pia, kwa hiyo mashine isiyotufaa, au iliyotegwa nguvu kupita kiasi, inamalizia hasira juu ya ngozi. Ndiyo malengelenge yako. Lakini si kweli kwamba leza si ya weusi. Ipo aina inayoitwa YAG, mwanga wake unazama zaidi bila kugombana sana na rangi ya ngozi, na watu wa rangi yetu wanahudumiwa nayo. Popote utakapokwenda, hilo ndilo swali la kwanza.

Halafu eti ulizing'oa. Mwanangu, leza inaufuata unywele ulio ndani ya kitundu chake. Ukishaung'oa na shina lake, itafuata nini? Zinanyolewa kwa wembe, hazing'olewi. Sehemu kubwa ya maumivu yale uliibeba bure.

Na leza inauma, asikudanganye mtu. Inauma kama mpira uliovutwa ukakuchapa, ukishachapa umepita. Ikiwaka kama mafuta ya moto, au ikaendelea kuwaka mashine ikiwa imeshatoka, unasema acha, pale pale. Wifi yako haoni chini ya ngozi yako, anaitegemea kauli yako. Wewe mteja akikudanganya kiuno chake, gauni litamkaa? Sasa ulimdanganya fundi aliyeshika moto. Kuzaa kulikuwa na mtoto mwishoni. Hapa hakuna wa kukupa sifa.

Haki ya kulalamika unayo, tena yote. Aliyeshika mashine ndiye mwenye dhamana. Alitakiwa ajaribu kwanza kisehemu kidogo, asubiri aone ngozi imepokeaje, aanze na nguvu ya chini, aipooze ngozi kwa baridi. Mtu kukwambia haiumi si ruhusa ya kumwongezea moto. Na kuyaita malengelenge uchafu, hapo sina la kumtetea.

Lile kopo lifunge. Krimu ya ganzi ni dawa, ukiipaka nene ukaifunga na nailoni inaingia mwilini kuliko inavyotakiwa, na inaweza kukusumbua hadi moyo. Kiasi chake anapanga daktari. Tena kidevu kikishakufa ganzi chote, nani atasema acha?

Nenda kwa daktari wa ngozi wiki hii. Madoa ya namna hiyo mengi hufifia, ila polepole, kwa miezi, kwa hiyo usiyasugue, usiyapake krimu za kung'arisha, na yakinge na jua. Mweleze pia kwamba ndevu zilianza baada ya uzazi wa pili. Huenda ni homoni, na homoni haziondolewi saluni.

Mumeo mwambie moyo wa dada yake hauna malengelenge.

Kisha mpigie wifi wewe mwenyewe, usimtume mtu. Mwambie, "Wifi, iliuma. Nilikuficha, na umeniunguza. Jumamosi siji." Atanuna, na ukoo utasikia. Acha wasikie. Wateja wake wengi ni weusi kama wewe, wanalala kitandani pale wakimwonea haya mwenye saluni, wanasema haiumi, naye anaongeza nguvu. Hakuna mwingine wa kumwambia. Mpigie leo, kabla hajawasha ile mashine.