Dirisha la Kuonea Kibo

Yakobi, Njombe
3 Juni 2024

Mwanangu Erica,

Kamwene. Hujambo wewe, na duka la vipuri linakwendaje hapo Makambako? Huku baridi imeshika kisawasawa. Mimi mzima, isipokuwa macho. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu utanikatiza kabla sijamaliza. Barua anakuletea Nahumu, dereva wa lori la parachichi.

Juzi nilirudi hospitali ya Ikonda. Daktari amesema lilelile: ni presha ya macho, matone yanachelewesha tu, kilichopotea hakirudi. Pembeni sioni tena. Naona katikati, kama mtu anayechungulia tundu la kufuli, na tundu lenyewe linazidi kuwa dogo. Nikamuuliza umebaki muda gani. Akasema huenda mwaka, huenda usifike.

Sasa sikiliza. Nimefundisha jiografia miaka thelathini na minne. Nimewaambia watoto wa watu habari za Kilimanjaro kama mtu aliyezaliwa kileleni, na sijawahi kuuona hata siku moja. Sitaki kupofuka na uongo huo. Nasikia kuna helikopta zinazowazungusha watu mlimani. Miti ya bondeni nimeshaiuza. Kazi yako ni kunitafutia helikopta.

Mama yako,
Tabea

Makambako
8 Juni 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo, duka linasukuma siku. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nimesimama, ya pili nimekaa. Nimeandika kwa kalamu nene usije ukahangaika.

Mama, helikopta kweli, na miaka yako sitini na tisa? Twende Moshi kwa basi, tusimame chini tuutazame bure. Ile miti baba aliipanda akasema ni ya uzeeni. Na usharikani watasemaje?

Hayo yote ni maneno tu. Ukweli ni kwamba naogopa. Naogopa kukupandisha kwenye kile chombo nikakupoteza wewe kabla ya hayo macho.

Binti yako,
Erica

Yakobi
13 Juni 2024

Erica,

Marahaba, mwanangu. Nimelala salama, kifua tu kinanisumbua kidogo kwa huu ukungu.

Uzeeni ndiyo hapa. Baba yako hakukosea hesabu. Usharikani waache waseme, nitaonana nao Jumapili.

Kuhusu kusimama chini, muulize Scholastica wa kwaya. Alikwenda Moshi kwenye mkutano wa akina mama, akakaa wiki nzima, akarudi hajauona mlima. Wingu liliufunika kuanzia Jumatatu mpaka siku ya kupanda basi. Mimi sina wiki ya kulipa wingu. Nataka kwenda juu yake.

Kuogopa, ogopa tu, sikukatazi. Lakini tafuta.

Mama

Makambako
25 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini kifua kimepoa. Nimekutumia asali kwa Nahumu, usimgawie kila anayebisha hodi.

Nimetafuta. Nimepiga simu mpaka sikio limewaka moto. Kampuni zilizonijibu vizuri ni mbili.

Ya kwanza ina helikopta kubwa ya watu sita. Inatua mlimani kwenye uwanda, mnakunywa chai, mnapiga picha, mnarudi. Ni mpya na inang'aa, na picha zake zinavutia. Lakini viti wanapanga wao asubuhi hiyohiyo. Unaweza kukaa katikati.

Ya pili ina helikopta ndogo, abiria watatu tu. Haitui popote na chai hakuna. Inazunguka mara moja inarudi. Ila kila abiria anakaa dirishani. Hawa ni wakali sana wa uzito: wanataka kilo za kila mtu mapema, wanajumlisha, na zikizidi hairuki.

Mimi moyo wangu uko kwa ile kubwa. Lakini macho ni yako, chagua wewe.

Nitapanda nawe. Nitakaa nyuma yako nikuambie tazama kushoto, tazama juu, usije ukapitwa.

Erica

Yakobi
30 Juni 2024

Erica,

Kamwene. Kifua kimepona, asali imebaki nusu na sitaki kuulizwa.

Chai ninayo nyumbani. Chukua hiyo ndogo.

Kilo zangu ni sitini na moja. Nimepimwa kwa Hosea, mnunuzi wa viazi, kwenye mizani yake ya magunia. Nilisimama wima, na viatu na makoti yote, ili wasije wakasema nimewadanganya.

Mama

Makambako
29 Julai 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Umeamkaje? Leo ni siku ya saba tangu nikuache stendi ya Njombe, na hujaniandikia.

Silali vizuri. Kila nikifumba macho naona ile mizani ya pale uwanjani Moshi ikisoma sabini na nne. Ulivua koti, sweta mbili na mabuti, ikagoma kwenye sabini. Rubani akasema kilo tisa zimezidi na yeye haruki. Mimi niliona aibu, wewe uliona hasira. Ulikuwa unamtaja Hosea kwa jina mbele ya wageni. Mama, sote tunajua mizani ya kununulia viazi husoma pungufu. Ndivyo wanavyotuibia kila msimu. Hata mimi nilizipokea hizo kilo sitini na moja nikaziandika, sikufikiri.

Nilishuka mimi kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kushuka. Yule mgeni, abiria wa tatu, alikuwa amelipa kama sisi. Lakini nilipoona mlango unafungwa nikalia, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa niwe macho yako. Huku chini hapakuonekana kitu, ni wingu tupu mpaka tunaondoka.

Uliposhuka ulimpa rubani mkono, ukakaa kwenye basi, ukanyamaza. Siku mbili, Mama. Nikikuuliza unasema "ngoja". Hata tulipolala Dodoma hukula.

Niambie ukweli. Kama hukuuona, niambie hivyohivyo. Nitauza pikipiki, nitapungua hizi kilo zangu, tutarudi kabla mwaka haujaisha. Sitakubali ikawa imepita hivi.

Binti yako,
Erica

Yakobi
9 Agosti 2024

Mwanangu Erica,

Kamwene, mwanangu. Nimekula, nimelala, ni mzima. Kwa Hosea nimeshafika. Nilimwambia kama mwili mmoja wa mjane ameupunguza kilo kumi na tatu, magunia yangu ya miaka kumi ameyapunguza ngapi. Ameniomba msamaha mbele ya watu. Mwaka huu viazi nitauza kwingine.

Usiuze pikipiki. Sasa nikueleze.

Tulipotoboa wingu nilitazama nje, na hofu ikanishika, kwa sababu mlima ni mkubwa na tundu langu ni dogo. Sikuona mlima. Niliona kipande cha jiwe. Nikageuka, nikaona kipande cha wingu. Nikawaza, Tabea, umeuza miti ya marehemu kuja kutazama jiwe.

Nikamgusa rubani begani. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi naona kidogokidogo. Nenda taratibu, nami nitausoma." Akanitazama, akapunguza mwendo.

Nikausoma hivyo. Nilianzia chini kushoto, nikaenda mpaka kulia, nikapanda mstari mmoja, nikarudi. Msitu, kisha majani makavu, kisha mawe matupu, kisha Kibo. Barafu haijajaa kote kama nilivyofundisha. Imebaki pembenipembeni, kama ukoko kwenye sufuria ya ugali, na katikati kuna shimo lenye majivu. Mawenzi ni mweusi, umechongokachongoka, na haufanani hata kidogo na ndugu yake. Niliwaambia watoto ni mapacha. Mungu anisamehe.

Mzunguko ulikwisha nikiwa na vipande tu kichwani, vingi, kila kimoja peke yake. Ndiyo maana nilinyamaza. Nilikuwa naviunga. Ningefungua mdomo kukujibu, vingemwagika. Singida nilikuwa nimeunga msitu wote. Iringa nikafika kwenye barafu. Hapa nyumbani nimekaa siku zote hizi na kile kipande cha mwisho, upande ule jua linapoangukia, na jana jioni kimeingia mahali pake.

Sasa ninao mzima, kutoka chini mpaka juu, wala hauhitaji macho tena. Anayesikitikiwa si mimi, Erica. Tulikwenda wawili, na mmoja wetu ndiye hajauona Kilimanjaro. Funga duka Jumamosi uje. Kaa hapa mbele yangu, fumba macho, nami nikuoneshe.

Mama yako,
Tabea