Mjomba Alisifu Onyesho Ambalo Halikufanyika

Mpendwa Bi Zohra, naomba unishike mkono kabla sijaharibu, mimi ni mwalimu wa muda chuoni hapa Sfax, kwa miaka natafiti kurasa za utamaduni katika magazeti yetu na namna msomaji anavyoweza kupambanua habari ya kweli na ya kupikwa, na wiki ijayo natetea tasnifu yangu ya udaktari hadharani, nikifaulu naajiriwa, lakini mfano wangu mzito kuliko yote ni makala iliyosifu onyesho la muziki kwenye tamasha la kiangazi, eti ukumbi mzima ulisimama ukishangilia, kumbe jioni ile ilinyesha mvua, onyesho likavunjwa na mwimbaji hakupanda hata jukwaani, na aliyeandika ni Mjomba Mongi, kaka yake mama, aliyenilea baba alipofariki na kunifundisha kusoma kwa gazeti lake.

Sikumtaja jina, lakini makala ina msemo wake ambao mji mzima unaujua, na kwetu utetezi ni kama harusi, ukoo wote huja na masinia ya baklawa, naye jana kanipigia simu, "Profesa wangu, suti nimeshashona! Kiti cha mbele changu, asiniwahi mtu!" Mama kanuna, "Yaani umvue nguo kaka yangu mbele za watu, halafu tugawe baklawa?" Profesa Raoudha anayenisimamia naye hataki mchezo, "Ukiutoa huo mfano, sura nzima inabaki mifupa." Nampenda mjomba, Bi Zohra, na nawaza kuutoa kimya kimya. Nifanyeje?

Emna

Emna, majina yenu nimeyabadili, kwa hiyo nitakukaripia bila wasiwasi.

Pole, najua inauma. Lakini ukiutoa mfano huo utakuwa umeificha mvua, kama alivyoificha yeye. Usithubutu.

Ila una kosa jingine. Makala zote za mjomba umezisoma. Je, umemuuliza hata swali moja? Mimi nimezeekea magazetini. Ukurasa wetu wa utamaduni hufungwa alasiri ukaenda mitamboni, na onyesho la kiangazi huanza usiku, watu wameshakula na kushiba. Wapo wanaoandika sifa mapema wakifuata ratiba, kisha wanamwomba Mungu. Msomaji akimcheka mjomba wako hajifunzi kitu. Akijua ukurasa unavyopikwa, kesho hadanganyiki.

Basi nenda kwake kesho. Usitume ujumbe, usimtume mama. Msomee sura hiyo mwenyewe, usiruke mstari. Atafoka, mwache afoke, suti keshaishona. Akishatulia muulize ilikuwaje, na jibu lake liingie katika tasnifu. Akikataa kujibu, andika kwamba aliulizwa akakataa, na mfano ubaki. Kuja au kutokuja ataamua mwenyewe, lakini asiyasikie hayo kwa mara ya kwanza akiwa kiti cha mbele. Na mama mwambie aoke baklawa yake. Mficha uchi hazai.

Mwisho, ukate ukurasa huu uwape wanafunzi wako wauchambue. Waulize Bi Zohra amemsema Mjomba Mongi baada ya kusikia upande wa nani. Wako tu. Mimi ukurasa wangu unafungwa alasiri hii, sina pa kumpata. Wewe una wiki nzima, na mlango wake unaujua. Nenda kamsikie.