Samaki Wako na Sahani ya Baba

Nyumba ya kona,
Nyuma ya karakana ya friji.
Tarehe 14 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu, Bwana Chumvi,

Pokea salamu za dada yako. Hujambo huko ugenini? Kifua kimepona, au bado unakohoa na kujifanya mzima kama kawaida yako? Sisi huku tu wazima. Shemeji yako anaumwa goti, ila halijawahi kumzuia kwenda kutazama mpira. Baba yupo. Habari zake zimeingiliana na za samaki wako, siwezi kuzitenganisha, kwa hiyo vumilia.

Uliandika kwamba samaki wakiendelea kufa nimpe tangi mtu yeyote mwenye kulitaka. Nilikaribia. Wale wadogo wa kijani walikufa wote, wakifuatana. Kioo kikaota utelezi wa kahawia, maji yakawa na ukungu, na sebule ikaanza kunuka mtaro. Nilibadilisha maji, nikachanganya chumvi kama ulivyonifundisha, nikafungua pampu na kuisafisha. Mimi nafungua friji za watu kila siku, pampu ya ukubwa wa ngumi hainishindi. Baada ya muda mfupi, yale yale.

Kilichonizuia kuligawa ni Baba. Tangu tumzike Mama, redio hawashi, na nje hatoki labda aitwe. Lakini asubuhi anavuta kiti chake mbele ya tangi lako na hapo ndipo anaposhinda. Samaki amewapa majina. Wale wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, wasioachana, ni Maharusi. Yule bapa wa njano anayezunguka kila pembe akidonoadonoa ni Mkaguzi. Ningemwambia nini mzee siku anavuta kiti akute ukuta mtupu?

Na yeye mwenyewe alikuwa anakonda. Shati lilimpwaya hadi unamwonea huruma. Basi nikafanya kile anachofanya kila mtu wa ukoo huu akiingiwa na hofu: nikapakua. Wali mlima, nyama juu yake, mboga pembeni. Natoka kazini nakuta sahani nyeupe. Nikaongeza. Nyeupe! Nikamwambia shemeji yako, mzee anakula vizuri, basi haya ni maradhi. Tukampeleka hospitali. Daktari akampima kila kinachopimika, akasema haoni ugonjwa, ila mzee ajitahidi kula. Ajitahidi vipi tena, na sahani yake inanishinda hata mimi ninayeshinda nikibeba kompresa za friji?

Wakati huo huo nilikwenda kwa yule mama wa duka la samaki uliyenielekeza, yule mnayemwita Mama Matangi. Nilimpelekea maji kwenye chupa. Aliyanusa kwanza, kisha akaiinamisha chupa kwenye mwanga. Juu ya maji palikuwa na utando unaong'aa.

"Nyumbani kwenu jana mmekula nini?" akaniuliza.

Nikamwambia wali na nyama.

"Na samaki nao?"

Niliudhika. Nilidhani ananichezea shere, nikachukua chupa yangu nikaondoka.

Kesho yake nilirudi nyumbani mchana kuchukua geji ya gesi niliyoisahau mezani. Baba alikuwa amesimama mbele ya tangi na sahani niliyompakulia mkononi. Ile nyama alikuwa ameikatakata kwa kisu, vipande vidogo sana, vyote sawa, ungedhani vimepimwa. Alikuwa anawadondoshea kimoja kimoja, na Maharusi wanagombania. Wali ulikuwa umeshatangulia chini, umelala kwenye mchanga. Aliponiona hakuficha kitu.

"Siwezi kuirudisha jikoni, mwanangu," akasema. "Umepika kwa mikono yako."

Wewe unamjua. Miaka yote aliyopikia shule ya bweni, jambo moja lililomnyima raha ni sahani kurudi na chakula. Alikuwa anasimama kwenye dirisha la jiko anazitazama, jioni anatuhadithia kama mtu aliyetukanwa. Jambo hilo akaja nalo nyumbani: kwetu sahani hairudi na kitu. Ndivyo tulivyolelewa, na ndiyo maana mimi na wewe tuna haya matumbo. Sasa mzee hamu hana, na kunitukana mwanawe hawezi. Akapata wageni wasiojua kukataa.

Kikulacho ki nguoni mwako, ndugu yangu. Kila nilipoongeza kijiko, yeye alizidi kukonda na maji yalizidi kuoza. Niliumia, sikufichi. Nilichukua geji nikarudi kazini, na friji niliyoitengeneza mchana ule niliifunga bila kuijaza gesi. Mwenyewe aliirudisha akiwa amefura.

Sikumwambia Baba aache. Jumamosi nilimchukua twende wote kwa Mama Matangi, nikamwomba radhi yule mama, nikamwambia huyu ni mpishi, zungumza naye wewe. Nikakaa pembeni.

Walielewana kuliko nilivyotarajia. Akamwambia mafuta ya ng'ombe samaki wa baharini hayawezi, yanamkalia ini, na yanayobaki yanatanda juu ya maji na kuyanyima hewa. Maharusi wapewe uduvi wa kugandishwa, na punje ndogo zinazozama polepole. Si kile chakula chembamba kama karatasi kinachosagika kikawa vumbi kabla hakijafika mdomoni. Mkaguzi ni mla majani, apewe kipande cha mwani mkavu kibanwe kwenye kioo, na kisichoisha kitolewe. Baba akachukua kopo la punje, akasoma maandishi ya nyuma kwa kulisogeza mbali na macho, akalirudisha. Kilichoandikwa kwanza ni unga wa ngano. Akachukua jingine, kilichotangulia ni samaki na uduvi. Kopo kubwa lilikuwa na nafuu ya bei, nikalinyooshea mkono, Mama Matangi akanipiga jicho: likishafunguliwa linachacha na nguvu ya chakula inapotea, chukueni dogo liishe mapema.

Sasa hivi jikoni kwangu nina mpishi wa samaki. Anafunga aproni, bwana! Uduvi anauyeyusha kwenye kikombe chenye maji ya tangi, anaumimina kwenye chujio la chai, yale maji yake anayamwaga, maana ndiyo yanayochafua tangi kuliko uduvi wenyewe. Anazima pampu ili chakula kisisombwe, anawapa kidogo, anangoja wamalize, anawapa tena kidogo. Akiona punje moja imeanguka mchangani bila mwenyewe, anajua amezidisha, na mlo unaofuata anapunguza. Chujio la chai nimenunua jingine, lile la zamani nimelisamehe.

Maji yameanza kung'aa. Harufu imekwisha. Mkaguzi amenenepa mgongoni, rangi imemrudia. Hakuna aliyekufa tena, na tangi siligawi, hilo uliandike moyoni.

Baada ya kumwona anavyowalisha, na mimi nikaficha zile sahani kubwa. Baba nampakulia kwenye kisosi. Vijiko vichache vya wali, kipande cha nyama, basi. Sikumweleza kwa nini, na hakuuliza. Lakini shangazi alikuja akakikuta kile kisosi, lo! Alisimama katikati ya sebule akaniuliza kama namlisha kaka yake au namlisha paka. Alisema atawaambia ukoo mzima kwamba namnyima mzee chakula. Nadhani amekwishawaambia, kwa hiyo habari hizo zikikufikia huko, ujue chanzo chake. Mimi mwenyewe nilikuwa sina uhakika. Usiku ule nilijiuliza, je, ikiwa nimekosea tena? Maji ya samaki unayabadilisha ukaanza upya. Baba je?

Jambo moja nakuomba. Ukipiga simu, usimuulize kama amekula. Atakuambia ndiyo, kama alivyoniambia mimi. Muulize amewapa nini Maharusi leo, kisha kaa kimya umsikilize. Atakumalizia salio.

Shangazi anakusalimu pamoja na malalamiko yake. Mama Matangi anasema ukirudi upite dukani, ana samaki anataka kukuonyesha. Shemeji yako anakusalimu sana, na ana haki ya kukulalamikia, nitakueleza.

Jumapili tulikula pamoja. Nilimpakulia Baba kile kisosi, akakimaliza taratibu huku anatazama tangi. Nikanyoosha mkono nikichukue. Hakukiachia.

"Jikoni kumebaki?" akaniuliza.

Kilichobaki kilikuwa cha shemeji yako, aliyekuwa bado hajatoka mpirani. Nikampa chote.

Mungu akulinde huko uliko, akuondolee na hicho kikohozi.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata usipojibu barua.