Mashine Yako Imeambiwa Mama Hajambo

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha cherehani,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, Fundi Redio,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na wale watoto, kikohozi kimewaachia? Ukituuliza sisi, hatujambo, tunamshukuru Mungu. Nimeandika hivyo kwa sababu tumelelewa kuandika hivyo. Sasa tafuta kiti ukae, maana nina hasira na wewe, na nimechagua barua kwa kuwa kwenye simu hujui kumsikiliza mtu mpaka mwisho.

Nataka tuzungumze juu ya roboti yako.

Ilipofika, nakiri kwamba sote tulifurahi. Majirani walikuja kuitazama, na Mama alivimba kichwa wiki nzima kwamba mwanawe, yule aliyekuwa akifumua redio za watu, sasa ana kampuni inayotibu wagonjwa wa kiharusi. Uliponieleza kwamba umeitia sauti yako mwenyewe ili Mama afanye kwa moyo mazoezi ya mkono wake uliopooza, nilisema huyu mtoto ana akili. Nayafuta maneno hayo.

Kwanza ulimpigia simu Mama Kunja-Nyoosha, mtaalamu wa viungo aliyekuwa anakuja kumnyoosha Mama mkono, ukamwambia hahitajiki tena. Mimi sikuulizwa. Yule mama ana mdomo mchafu, alimgombeza Mama kama mtoto wa shule, lakini alipokuwa anamkunja mkono macho yake yalikuwa usoni kwa Mama. Mama akiuma mdomo tu, yeye anaacha. Mashine yako haitazami mdomo. Inauliza, inajibiwa, inaendelea.

Mwezi uliopita nilikuwa nampima Mama gauni. Nikamwinua mkono ule mgonjwa kidogo tu nipitishe futi, akapiga ukelele ambao sijapata kuusikia kwake, hata siku ya msiba wa Baba. Nikafungua vifungo. Bega lilikuwa limevimba na limeshuka, mfupa umesimama mahali pasipo pake. Nikampeleka hospitali siku ile ile.

Daktari alisema bega limechomoka kwa kuvutwa, na kwamba limevutwa muda mrefu. Aliniuliza nani amekuwa akimvuta mgonjwa namna hii. Ningemwambia ni wewe?

Tuliporudi nikataka kujua imekuwaje. Nilidhani Mama akiiambia anaumwa itaacha yenyewe, basi kesho yake sikufungua duka, nikajibanza nyuma ya mlango. Ukaanza wewe, yaani ikaanza sauti yako. "Hujambo Mama? Umeamkaje?" Naye akajibu, "Sijambo mwanangu, nimeamka salama." Ukauliza kama mkono unauma. Akasema, "Hapana baba, ni uchovu tu, wala usijali." Ukampongeza. Kisha ule mkanda wa mashine ukamshika kifundo cha mkono, ukaanza kuunyanyua juu kuliko jana, kwa sababu ndivyo mlivyoitengeneza: asiyeumwa anaongezewa. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na wewe unamwambia hongera. Niliivamia nikaung'oa ule waya ukutani.

Nilimgombeza Mama, Mungu anisamehe. Nikamwambia hii ni mashine, si mwanao. Akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa. "Najua ni mashine. Lakini sauti ni ya nani? Mtoto yuko mbali, anahangaika na maisha, halafu mimi nimwambie naumwa?"

Umeelewa, bwana mkubwa? Wewe umezaliwa na mwanamke huyu. Umekula kwa mikono yake, hiyo iliyosuka vichwa vya mtaa mzima ili wewe usome. Unajua kabisa kwamba ukimuuliza Mama habari za asubuhi atakujibu nzuri hata kama paa limemwangukia, na ya kweli hutoka baadaye, ukishatulia, ukishamuuliza tena na tena. Unajua pia kwamba sisi wanawe ndio watu wa mwisho kuambiwa. Ukaenda kuunda kitu kinachoridhika na jibu la kwanza, halafu ukakipa sauti ya mtu ambaye Mama hawezi kumwambia kwamba anaumia.

Wiki ile ile akanipigia binti mmoja wa ofisini kwenu, anacheka kama ameokota kitu njiani. Eti Mama ndiye mgonjwa wao wa mfano, hakuna siku amelalamika, na wanataka kumpiga picha za video wawaonyeshe wawekezaji. Povu lilinitoka. Akisema nilimtukana, ni kweli, na sitaomba radhi. Mkithubutu kumtaja Mama mbele ya hao wenye mifuko, nitawatafuta mmoja mmoja na picha ya bega lake mkononi.

Mashine nimeitia stoo, nyuma ya marobota ya vitambaa. Chaji ilikuwa haijaisha, ikawa inaita kwa sauti yako, "Mama, uko tayari?" Mama akaitikia kutoka kitandani, "Leo nimechoka, mwanangu, nisamehe." Nilitoka nje nikalia.

Sasa hatasuka tena, na daktari hatupi tumaini kubwa. Mama Kunja-Nyoosha nimemwangukia miguuni, amekubali kurudi. Alipoliona bega alikutukana, nami sikukutetea. Hao wagonjwa wengine mliowapelekea mashine zenu, nao wana mama zao na watoto wao. Waulizeni upya. Watumeni watu wenye macho.

Mjomba anakusalimu, ingawa naye amekasirika. Nisalimie wifi yangu sana, yeye hana kosa. Watoto waambie shangazi yao anawashonea nguo, wanitumie vipimo. Mungu akulinde na akuzibue masikio.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata kwa hasira hizi.

Nilisahau: Mama ananiona ninavyoandika, ameagiza nikuambie kwamba yeye hajambo kabisa, bega linaendelea vizuri, na usije ukaacha kazi yako kwa ajili yake. Basi nimeandika kama alivyosema. Njoo.