Estella Anagawa Nguo

Muyinga, Jumanne usiku

Hakuna lori linalokuja. Jambo hilo ndilo lililonitisha leo katika ziara yangu ya afya kijijini Butihinda, nilipomkuta Estella, binti wa miaka kumi na minne, akiwagawia wadogo zake nguo zake zote, kama familia zilivyofanya katika kambi ya wakimbizi Tanzania kabla ya kupanda lori la kurejea Burundi.

"Amekuwa mkarimu kuliko padri," mama yake alitania.

Estella hakucheka. Kwa majuma sasa hali chakula vizuri, hazungumzi. Huenda nakosea, nilijiambia, kisha nikamuuliza waziwazi: "Unawaza kufa?"

"Ndiyo, dada," alijibu kwa utulivu, kama aliyeulizwa jina lake.

Mama yake alichukua sweta kutoka kwenye nguo zile, akamvalisha ingawa jua lilikuwa kali, akafunga vifungo vyote. "Huendi popote, mwanangu."

Usiku huu wanalala pamoja. Kesho nawapeleka kwa daktari wa afya ya akili mjini Gitega. Nilipoondoka, Estella hakuwa amelivua sweta lile.